Tiketi Zilizokaguliwa Langoni

Mkataba ulikuja kwa simu, kurasa kumi na moja, nami nikauchapisha kwenye saiba moja, duka la kompyuta, pale mtaa wa Umoja kwa shilingi kumi kila ukurasa. Nalisema hili mwanzo kwa sababu nataka ijulikane kwamba niliusoma. Niliusoma wote, nikiwa nimevaa miwani, kalamu nyekundu mkononi, kama nilivyosahihisha madaftari ya watoto wa watu kwa miaka mingi. Siwezi kusema nilifichwa jambo. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa.

Kazi yangu ilikuwa kufundisha hesabu katika shule ya msingi, na baada ya kengele ya mwisho nilikuwa nikifundisha judo na mieleka katika ukumbi mmoja huko Mbotela. Shule nimestaafu, ukumbi bado. Mikeka yetu tulishona wenyewe, turubai juu, vipande vya magodoro ya zamani ndani, na ukianguka vibaya unajua godoro la nani lilikuwa limechoka. Vijana walipoanza kupenda MMA, ule mchezo wa kizimbani ambamo ngumi, mateke, mieleka na kabali vyote vinaruhusiwa, sikuwazuia. Nilijifunza pamoja nao. Naamini hakuna jambo ambalo mtu hawezi kulielewa akielezwa polepole. Imani hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mpiganaji wetu bora alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na minne. Mchana alifanya kibarua cha kupakia sabuni katika kiwanda kimoja, na aliishi Kware, ghorofa ya sita, pamoja na mamake, fundi wa kushona sare za shule. Familia yao ilitoka Magharibi mwa nchi mama akiwa bado msichana. Binti aliniita kocha. Mama aliniita mwalimu, na alipoona karatasi mkononi mwangu aliizima cherehani, akapangusa meza na kusema, "Haya mwalimu, tufundishe."

Nikawafundisha. Nilieleza kwamba kampuni inayoandaa mapigano ingemlipa binti shilingi elfu kumi na tano kwa kuingia kizimbani, na elfu kumi na tano nyingine akishinda. Vipimo vya damu, macho na kichwa angejilipia mwenyewe. Akiumia, kampuni ingempa huduma ya kwanza palepale ukumbini, basi. Halafu kulikuwa na tiketi. Kila mpiganaji angepewa namba yake. Mtu akinunua tiketi ya shilingi elfu moja kwa simu na kuandika namba hiyo, mpiganaji angepata mia tatu kwa kila tiketi "iliyokaguliwa langoni".

"Kwa hivyo tukipata watu mia?" mama aliuliza.

"Elfu thelathini."

"Juu ya ile ingine?"

"Juu ya ile nyingine."

Mama alimtazama binti yake kwa namna ambayo sikuwa nimemwona akimtazama tangu aanze mchezo huu. Binti alicheka. "Mathe sasa ameanza kupenda ngumi." Nami nilipitisha kalamu yangu chini ya maneno yale, "iliyokaguliwa langoni", nikaweka alama ya vema. Kwangu ilikuwa namna yao tu ya kusema tiketi imenunuliwa.

Ili kosa hili lieleweke lazima nieleze jinsi tunavyonunua tiketi huku Eastlands. Kwaya ikitaka kinanda, inauza tiketi za tamasha. Mtoto wa jirani akitaka karo, kuna chakula cha mchana chenye tiketi. Wewe unanunua mbili, tatu, na siku yenyewe uko kazini au unafua. Hakuna atakayekuuliza kwa nini hukuja. Watakuuliza kwa nini hukununua. Kwetu tiketi ni kadi ya mchango iliyovaa nguo nzuri, na watu wa Magharibi waliotulea katika mitaa hii ndio mabingwa wa kununua viti ambavyo hawatavikalia.

Basi nilizunguka nikiuza. Nilianza na mama mmoja anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale Mbotela.

"Ati watoto wapigane?" alisema. "Mwalimu, na vile umezeeka?"

"Ni mchezo, mama. Una sheria."

"Sheria ya kung'oana meno. Na huyo ni wa nani?"

"Wa yule fundi wa sare, wa Kware."

"Wa kanisa letu! Si ungesema. Nipe nne."

"Utakuja na nani?"

"Kuja wapi? Na hii omena ijiuze? Nimenunua, mwalimu. Endelea na safari yako."

Nilicheka. Nilicheka na kuendelea na safari yangu. Walinunua mafundi viatu, wakanunua wazee waliostaafu reli, wakanunua akina mama wa kanisa, wengine wakichanga watatu kwa tiketi moja. Kiwandani kwa binti, wasichana wa kupakia sabuni walinunua kumi na nane, nao walikuwa na zamu Jumamosi ya pambano, kila mmoja wao. Kwa wiki tatu tulifikisha tiketi mia moja sitini na mbili. Kijana wa kampuni, mpole sana, alinipigia simu kunipongeza. "Kocha, huyu dada ana soko. Tumemuweka kwenye bango."

Niliwatangazia ukumbini na watu wakapiga makofi. Nilijiona nimefanya kazi.

Pambano lilikuwa Jumamosi alasiri, upande ule mwingine wa jiji. Mbele ya kizimba kulikuwa na meza zenye vitambaa vyeupe na maji ya chupa za kioo, nazo zilikuwa za wawekezaji na wageni wao. Nyuma yao viti vya kawaida. Upande wetu ulikuwa na mama, wanakwaya wawili, vijana wa ukumbini na wachache wa Kware waliopata nafasi. Watu kumi na tisa. Viti vingine vilikuwa vitupu.

Binti alichungulia kupitia pazia kabla ya kuitwa. "Kocha, watu wangu wako wapi?"

"Wamelipa. Wewe pigana."

Raundi ya pili alimpiga mwenzake ngumi ya kulia juu ya paji la uso, na nikaona ameurudisha mkono kifuani badala ya kwenye shavu, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Alipokuja kuketi mwisho wa raundi alikuwa amekuwa mweupe midomoni.

"Kocha, mkono umeenda."

"Tuache?"

Alikuwa akihema, akinitazama. "Tukiacha, ile elfu kumi na tano ingine inaenda."

Nataka msomaji akae hapa kidogo, kwa sababu kuna watu wenye elimu wanaoniambia kwamba malipo ya kushinda ni motisha. Mtu ambaye nusu ya mshahara wake imefungwa mwishoni mwa pambano hana uhuru wa kusema nimeumia. Mwenye kampuni anapata pesa zake za lango binti akishinda, akishindwa, akibebwa kwa machela. Yule tu aliye ndani ndiye asiyejua amelipwa ngapi mpaka mkono wa mmoja unyanyuliwe. Na nani alikuwa karibu naye akiwa na taulo begani, taulo ambayo kazi yake ni kurushwa kizimbani ili pambano lisimamishwe? Mimi. Nilimwambia, "Ngumi basi. Mshike kiuno, mwangushe, umalize kwa kabali." Nilimwambia kwa sauti ileile ya upole niliyomfundishia.

Alimaliza kwa kabali katika raundi ya tatu. Refa, ambaye hakujua, alimshika kifundo cha mkono wa kulia na kuunyanyua juu. Binti alipiga ukelele. Ukumbi mzima ukashangilia, wakidhani ni furaha.

Hawakutuacha tushuke. Mtangazaji alitaka tubaki kizimbani kwa ajili ya picha, akamkaribisha mmoja wa watu wa meza nyeupe. Bwana huyo alisema kwamba wenzake wametia fedha mpya katika kampuni, na kwamba karibuni wangekuwa na mapigano katika nchi tatu. Alisema wapiganaji ni familia. Kisha akamshika binti begani ili wapigwe picha, na binti akatabasamu, mkono umevimba ndani ya glavu ambayo tungekuja kuikata kwa mkasi.

Jumatatu tulikaa kwenye benchi la hospitali ya umma tangu asubuhi. Daktari alituonyesha picha. Mfupa wa kiganja, ule ulio nyuma ya kidole cha mwisho, ulikuwa umevunjika na kujizungusha. Alisema inafaa atiwe vyuma kabla ya wiki mbili kwisha, kwani baada ya hapo ungeanza kushikana vibaya na kiganja kisingefunga sawasawa. Foleni ya upasuaji pale ilikuwa ndefu kuliko wiki mbili. Hospitali ya kulipia ilitaka elfu tisini.

"Elfu tisini tunayo karibu," nilimwambia mama. Nilikuwa nimeshapiga hesabu kichwani: thelathini ya pambano, arobaini na nane na mia sita ya tiketi. Zilizobaki tungetafuta.

Jumanne pesa ziliingia katika simu ya binti. Elfu thelathini na tano na mia saba.

Niliwapigia nikidhani wamekosea. Kijana yule mpole alinieleza vizuri, nakubali, kama ambavyo ningeeleza mimi. Tiketi za namba yetu zilizokaguliwa langoni zilikuwa kumi na tisa. Mia tatu mara kumi na tisa. Hizo nyingine zilinunuliwa, ndiyo, lakini wenyewe hawakufika.

"Na pesa zao?"

"Hizo ni mapato ya kampuni, kocha. Iko kwa kifungu cha saba."

Nilikwenda kuchukua mkataba. Kifungu cha saba. Maneno yale, na chini yake mstari wangu mwekundu, na pembeni alama yangu ya vema.

Siku hizo sikulala vizuri, na sitaki kuandika juu ya hilo. Nataka kuandika juu ya Alhamisi, tulipoitwa ofisini kwao.

Tulipewa sharubati. Kijana aliweka mkataba mpya mezani: mapigano matano, elfu kumi na tano ya kuingia na elfu kumi na tano ya kushinda kama kawaida, na binti asipigane kokote kwingine mpaka hayo matano yaishe. Tarehe za mapigano zingepangwa na kampuni. Na akitia sahihi kufikia Jumatano, kampuni ingeushughulikia mkono.

"Kuushughulikia ni kulipa?" niliuliza.

"Kulipa yote, kocha. Hata chumba cha peke yake."

"Asipotia sahihi?"

"Basi inabaki ni jeraha la mchezo. Aliweka sahihi kwamba anajua ni mchezo wa hatari."

Nikamwomba anieleze, polepole, kama mwanafunzi. Laki moja na elfu sitini na mbili zililetwa na namba ya binti. Yeye akapata elfu tano na mia saba kutoka hapo. Kuna pia wadhamini ambao majina yao yalikuwa kwenye sakafu ya kizimba alimovunjika mkono, na kuna video ya kabali yake ambayo tayari ilikuwa imezunguka kote. Katika hivyo viwili anapata ngapi?

"Hapo anapata jina."

"Na kampuni ikiuzwa kesho kwa bei kubwa?"

"Kocha, wewe ni mwalimu, utanielewa. Wawekezaji ndio wamebeba hatari hapa. Hii kitu inaweza kuanguka wapoteze zote."

Binti aliuinua mkono, ukiwa na bendeji mpaka kwenye kiwiko, akauweka juu ya ule mkataba.

"Buda," alimwambia kijana, bila kelele, "kati ya hao wote wamebeba hatari, nani amevunjika?"

Kijana alitazama chini. Alisema yeye pia ameajiriwa tu, na ninaamini ilikuwa kweli, na haikunipunguzia hasira hata chembe. Tulitoka na karatasi zao. Jumatano, walituambia.

Nyumbani Kware mama hakutaka kusikia hotuba. "Mkono kwanza," alisema. "Huo ndio unafanya kazi. Ndio utapika, utabeba mtoto siku moja. Weka sahihi, upone, hayo mengine Mungu anajua."

"Mathe, ni mapigano matano. Nikivunjika ya pili tutaweka sahihi ingine?"

"Wewe usinihesabie! Mwalimu, mwambie."

Wote wawili wakanigeukia. Nilikuwa nimeshaeleza mara moja katika chumba hicho, na matokeo yake yalikuwa yamefungwa bendeji mbele yangu. Nilisema tu kwamba kosa la kifungu cha saba ni langu, na kwamba Jumapili ningewaambia walionunua.

"Utawaambia nini?" binti aliuliza.

"Kwamba pesa zao hazikukufikia."

"Watakukula mzima, kocha."

Karibu wanile. Baada ya ibada nilisimama uani mbele ya akina mama na wazee wa reli, nikaeleza. Nilieleza vizuri kuliko siku zote, bila kujipaka mafuta. Kila tiketi ambayo mwenyewe hakuipeleka langoni, nilisema, ilibaki yote na kampuni.

"Subiri," alisema yule mama wa omena. "Zangu nne?"

"Zote nne."

"Mimi nilimchangia mtoto wetu. Hao wa kampuni nimewajulia wapi?"

"Kwa hivyo ingetosha nikae tu pale langoni wanione, nirudi?" mzee mmoja aliuliza. "Ningekuja! Ningekuja hata na mkongojo!"

"Hatukujua, mzee. Mimi ndiye nilipaswa kujua."

"Ndiyo, wewe!" Mama wa omena alininyooshea kidole mpaka nikarudi nyuma. "Hesabu umefundisha watoto wangu wote watatu, na hii ikakupita?"

Wengine walitaka twende ofisini na mabango. Mmoja alitaka wakili. Katika kelele hizo sikumwona binti alipokuja mbele. Aliwaambia kuhusu Jumatano, kuhusu mapigano matano, kuhusu vyuma na siku zilizobaki. Aliwaambia hakuja kuomba. Alikuwa amekuja kusema asante na pole.

Kisha mwenyekiti wa akina mama akafungua mkoba wake. "Leta kitambaa," alimwambia mtu nyuma yake. "Na safari hii hakuna cha tiketi."

Hapo ndipo hasira yangu inapokaa mpaka leo. Watu wanaposimulia kisa hiki pale Mbotela hukisimulia kama kisa cha upendo, nami nawaelewa, kwa sababu upendo ulikuwepo na niliuona ukidondoka kwenye kitambaa kwa noti za hamsini. Lakini nilisimama pale nikijua ninachotazama. Watu waleule walikuwa wanalipa mara ya pili. Mara ya kwanza walilipia pambano, mara ya pili walilipia mfupa uliovunjika katika pambano hilo, na wenye meza nyeupe walikuwa wamekwishaondoka na mapato yao safi, wakiwa na mpango wa nchi tatu. Mama ambaye faida yake ya siku hutoshea kwenye kiganja alikuwa amebeba hatari ya kampuni ambayo hajui hata jina lake. Hakuna aliyemwita mwekezaji.

Kufikia Jumanne asubuhi, pamoja na zile za pambano, elfu tisini zilikuwa zimepita kidogo. Binti alipigiwa simu Jumatano akiwa amelala kwenye kitanda cha hospitali, chuma kikiwa tayari kiganjani. Nilikuwa nimekaa kando yake na mamake. Aliweka sauti ya nje ili tusikie.

"Dada, tunakusubiri na ile sahihi."

"Siweki."

"Fikiria mkono wako."

"Mkono umeshalipiwa."

"Na nani?"

"Na wale hawakufika langoni," alisema, akakata simu. Mama alisonya, kisha akamvutia shuka juu ya miguu.

Ninaandika haya miezi minne baadaye. Kidole cha mwisho bado hakikunjiki chote, na daktari anasema huenda kikabaki hivyo. Kiwanda hakikumngoja, walichukua mwingine wiki ile ile. Anamsaidia mamake kukata vitambaa, na mkasi unamchosha. Ukumbini anakuja kila Jumamosi kufundisha wasichana kuanguka. Kampuni haijampigia tena, wala kampuni nyingine yoyote, na sijui kama ni bahati au ni neno limepitishwa. Video ya kabali yake bado inatumiwa kutangaza mapigano yao yajayo.

Wiki iliyopita kijana mmoja wetu aliletewa mkataba. Kabla ya mazoezi tuliketi mkekani, watu ishirini na wawili, tukausoma kwa sauti, kila mtu kifungu kimoja. Sikueleza. Niliuliza tu: hapa anayelipa ni nani, na akilipa, zinakwenda kwa nani? Tulichukua saa mbili na mazoezi hayakufanyika. Tulipofika mahali pa malipo ya kushinda, binti ndiye aliyekuwa na zamu ya kusoma. Aliisoma sentensi mara mbili, akamrudishia kijana karatasi na kumwambia, "Hii waambie waandike upya. Walipe yote ukiingia. Wakikataa, uko huru kurudi hapa, na hakuna mtu atakucheka."

Kijana aliwaambia. Bado hawajajibu.